Mafuta Mshipani: Salama kwa Siku Ngapi?

Ukinijulia hali asubuhi nitakujibu "salama", hata kama usiku kucha sikufumba jicho. Kwetu neno hilo ni adabu zaidi kuliko taarifa. Sisi waandishi wa habari tunalibeba hivyo hivyo mpaka kwenye kurasa za afya: wataalamu wanasema dawa hii ni salama, nukta, tunasonga mbele. Ni mara chache tunaimalizia ile sentensi. Salama kwa nani? Kwa kiasi gani? Kwa muda gani?

Swali la tatu, la muda, ndilo lililonikalisha wiki kadhaa na historia ambayo sikutegemea kuipenda: historia ya binadamu kumlisha mwenzake mafuta kupitia mshipa wa damu. Niliiingia kwa mlango wa kitabu. Shireen Jeejeebhoy ameandika *Lifeliner*, habari za Judy Taylor, mama wa Canada ambaye mwaka 1970 alipoteza utumbo wake na bado akaishi zaidi ya miaka 20, akilishwa kwa mrija uliopita mshipani, miaka mingi akiwa nyumbani kwake na familia yake. Daktari wake alikuwa Khursheed Jeejeebhoy wa Toronto, baba wa mwandishi. Nilianza kusoma nikitafuta simulizi ya ushujaa. Nikaishia na swali la mpishi: hivi ndani ya ile chupa kulikuwa na nini?

Chakula cha mshipani kina vitu vikubwa vitatu. Kuna sukari, kuna asidi amino (yaani protini iliyokwisha kuvunjwavunjwa), na kuna mafuta. Juu yake unaweka chumvi, madini na vitamini. Sukari huyeyuka majini, asidi amino nazo huyeyuka. Mafuta hayayeyuki. Kesi nzima ilianzia hapo.

Mbwa wa Oxford na maziwa ya Toronto

Mwaka 1656, pale Oxford, kijana mmoja aitwaye Christopher Wren alichukua unyoya wa bata bukini na kibofu cha mnyama, akavitumia kumwingizia mbwa mvinyo na bia mshipani. Sindano tunazozijua leo hazikuwepo. Huyu ndiye Wren ambaye baadaye alichora kanisa kuu la St Paul's la London. Mbwa alilewa chakari, pombe ikamtoka, akaendelea na maisha.

Baadaye katika karne hiyo hiyo Mwingereza mwingine, William Courten, alijaribu mafuta ya zeituni. Mbwa wake hakuwa na bahati. Mafuta yakiingia kwenye damu jinsi yalivyo hukusanyika na kuwa matone makubwa. Damu ya mishipani hurudi kwenye moyo, na moyo huisukuma mapafuni, ambako mishipa ni myembamba kuliko unywele. Tone linafika pale, linaziba, pumzi inakata. Mbwa wa Courten alikufa.

Karibu karne mbili baadaye, mwaka 1854, kipindupindu kiliupiga mji wa Toronto. Daktari Edward Hodder aliwaingizia baadhi ya wagonjwa wake maziwa mabichi ya ng'ombe mshipani. Ukisoma leo unashtuka. Lakini baadhi yao walipona, na hilo lilitosha kuwatia madaktari wengine moyo. Katika miaka ya 1870 kulikuwa na waliotumia maziwa badala ya kuongeza damu, mpaka maji ya chumvi yalipothibitika kuwa bora na maziwa yakaachwa. Hata hivyo Hodder alikuwa amegusa jambo la kweli bila kulijua. Maziwa ni mafuta, lakini ni mafuta yaliyokwisha kutawanyika kuwa vitone vidogo ndani ya maji. Ndiyo maana hayakuua papo hapo kama yale ya Courten.

Fizikia ya tui

Yeyote aliyewahi kupika kwa nazi anaielewa sayansi hii bila kwenda darasani. Tui ni mafuta yaliyotawanyika majini kwa vitone vidogo mno, ndiyo maana ni jeupe. Uliache lichemke bila kulikoroga, linakatika: mafuta yanaelea juu, maji yanabaki chini. Mchanganyiko wa namna hiyo huitwa emalshani, neno ambalo wengi wetu tumelizoea kwenye makopo ya rangi ya nyumba.

Tui likikatika jikoni utakula hivyo hivyo na kumsingizia jirani aliyekuita mlangoni. Likikatika ndani ya mshipa, umerudi kwa mbwa wa Courten. Kwa hiyo swali la kwanza la usalama lilikuwa la kifundi: utawashikaje vitone hawa wasikutane tena?

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani walidhani wamelijibu. Emalshani ya mafuta ya mbegu za pamba, iliyouzwa kwa jina la Lipomul, iliingia mahospitalini. Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Lakini wagonjwa walioipata mfululizo walianza kuonyesha mambo mengine: homa na kutetemeka, macho kuwa ya njano, ini na wengu kuvimba, damu kushindwa kuganda inavyotakiwa. Katikati ya miaka ya 1960 ikaondolewa sokoni.

Zingatia mpangilio huo, kwa sababu utajirudia. Chupa ya kwanza ilifaa. Tatizo lilikuwa kwenye chupa zilizofuata.

Kule Stockholm, Arvid Wretlind aliusoma mpangilio huo kuliko wengine. Alijaribu mafuta mbalimbali na viunganishi mbalimbali kwa mbwa, na hakuridhika na kumdunga mnyama mara moja na kuandika "hakufa". Aliwapa kila siku kwa wiki kadhaa, akawafuatilia. Mwishowe alibaki na mafuta ya soya, yaliyoshikiliwa na fosfolipidi za kiini cha yai, ambacho ndicho kile kile kinachoshikilia mafuta kwenye mayonezi. Mwaka 1961 yeye na mpasuaji Oscar Schuberth walichapisha matokeo kwa binadamu, na mwaka 1962 Sweden ikaidhinisha dawa hiyo kwa jina la Intralipid. Vitone vyake kwa wastani havifiki nusu mikroni, wakati chembe nyekundu ya damu ina kama mikroni 7. Vinapita. Na mwili unavishughulikia karibu sawa na vile vitone vya mafuta ambavyo utumbo wenyewe huvitengeneza baada ya mlo.

Kama umewahi kufanyiwa upasuaji na kuona daktari wa usingizi akisukuma dawa nyeupe kama maziwa mkononi mwako, inaelekea umekutana na uvumbuzi huu. Propofoli, dawa ya usingizi inayotumika dunia nzima na hapa kwetu pia, hubebwa ndani ya emalshani ya soya na kiini cha yai. Kwa dozi ya saa moja au mbili hakuna anayekosa usingizi kwa sababu ya mafuta yale.

Woga nao uliumiza

Lakini Marekani ilikuwa imeungua na Lipomul. Kwa zaidi ya miaka kumi baada ya Wasweden kuidhinisha Intralipid, Wamarekani waliendelea kukaa mbali na mafuta ya mshipani.

Wakati huo huo Stanley Dudrick na wenzake wa Philadelphia walikuwa wamefanya jambo kubwa. Waliwalea watoto wa mbwa wa aina ya beagle kwa chakula cha mshipani peke yake, na wale mbwa wakakua. Mwaka 1967 wakafanya hivyo kwa mtoto mchanga wa kike aliyezaliwa bila utumbo wa kutosha. Naye akakua, akaongezeka uzito. Nguvu yake ilitegemea hasa sukari, sukari kali kiasi kwamba ingeuchoma mshipa mdogo wa mkono. Ilibidi mrija ufike kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, ambako damu nyingi huizimua mara moja.

Basi ikaonekana kwamba mafuta si lazima. Eti.

Baada ya wiki na miezi bila mafuta, wagonjwa walianza kupata magamba ya ngozi. Nywele zikakatika. Vidonda vikagoma kupona. Tangu mwaka 1929 George na Mildred Burr walikuwa wameonyesha kwa panya kwamba kuna asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza, hasa linoleiki, usipozila, unaumwa. Utasema: si mgonjwa ana mafuta yake mwenyewe tumboni na mapajani? Anayo. Lakini sukari ikimiminika usiku na mchana, insulini hubaki juu, na insulini ikiwa juu hufunga ghala la mafuta. Mgonjwa anakaa na njaa ya kitu ambacho amekibeba mwenyewe.

Mwaka 1974 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliowapaka wagonjwa wenye upungufu wa asidi hizo mafuta ya alizeti kwenye ngozi ili yapenye taratibu. Nilipofika hapo niliweka simu chini kidogo. Wagonjwa wako katika hospitali za kisasa, na tiba ni kupakwa mafuta ya kupikia. Intralipid ilipata kibali Marekani mwaka 1975.

Mimi siwalaumu moja kwa moja walioikataa. Lipomul ilikuwa imeumiza watu kweli. Lakini ni vizuri ikumbukwe kwamba kukataa nako kulikuwa na wagonjwa wake, tena wagonjwa ambao hawakuhesabiwa kwenye daftari la madhara ya dawa, kwa kuwa hawakuwa wamepewa dawa.

Usiku wa nyumbani

Hapo ndipo wanapoingia watu kama Judy Taylor. Kuanzia mwaka 1970 hivi, madaktari wachache wa Canada, Marekani na Ufaransa walianza kuwarudisha nyumbani wagonjwa wasio na utumbo wa kufanya kazi. Belding Scribner wa Seattle, ambaye jina lake limo pia katika historia ya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, aliuita mfumo huo utumbo bandia. Mirija laini ya kukaa kifuani kwa miezi na miaka ilitengenezwa huko huko Seattle, ule wa Broviac mwaka 1973 na wa Hickman mwaka 1979.

Fikiria ratiba yenyewe. Mfuko wa lita mbili au tatu unatolewa kwenye friji mapema ili usiingie mwilini ukiwa wa baridi. Meza inafutwa kwa dawa. Mikono inaoshwa, inaoshwa tena. Mrija unaunganishwa, pampu inawashwa, na mtu analala akilishwa kwa saa kumi au kumi na mbili. Asubuhi anajifungua na kwenda kazini. Nesi hayupo. Mwenye mwili ndiye nesi, ndiye mfamasia wa mwisho, ndiye mkaguzi.

Na mafuta yana vituko vyake katika mfuko huo. Madaktari wa Montpellier, Ufaransa, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchanganya kila kitu katika mfuko mmoja, jambo lililomrahisishia mgonjwa maisha. Lakini ukiweka mafuta pamoja na madini ya kalsiamu na magnesiamu, unawatibua wale walinzi wa kiini cha yai wanaotenganisha vitone. Ndiyo maana mgonjwa hufundishwa kuukagua mfuko kila usiku: akiona utando au mstari wa mafuta ya njano juu, tui limekatika, asiutumie. Tena weupe wenyewe huficha mambo. Kalsiamu na fosfeti zikikutana vibaya hutengeneza chembe kama mchanga. Kwenye maji maangavu utaziona, kwenye mfuko mweupe huzioni. Kwa hiyo huwekwa kichujio cha mikroni 1.2 kwenye mrija. Hata plastiki ya mfuko ilibidi ibadilishwe, maana mafuta huvuta kemikali za kulainisha plastiki na kuziingiza kwenye chakula.

Hatari hizo zote zina jina na dawa. Mfuko ulioharibika unautupa. Kichujio unakibadilisha. Hatari iliyobaki haikuonekana kwenye mfuko wowote.

Ini linahesabu miaka

Mwaka 2000 madaktari wa Ufaransa walichapisha walichokiona kwa watu wazima 90 waliolishwa nyumbani kwa mshipa, katika vituo viwili. Baada ya miaka miwili, karibu robo yao walikuwa na ugonjwa mkubwa wa ini. Baada ya miaka sita, nusu. Na miongoni mwa mambo yaliyoandamana na ugonjwa huo lilikuwemo moja ambalo daktari anaweza kulibadilisha kwa kalamu yake: mafuta ya mshipani kuzidi gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni gramu 60, yaani mililita 300 za emalshani ya asilimia 20. Chini ya soda moja ya kopo.

Sio mafuta peke yake. Sukari ikizidi, ini hunenepa. Maambukizi ya mrija huliumiza. Utumbo uliobaki ukiwa mfupi sana, hali huwa mbaya zaidi. Lakini soya ilikuwa na kesi ya kujibu. Mimea ina kolesteroli yake, inaitwa fitosteroli. Tukila maharage, utumbo hukaa kama mlinzi wa geti: hizo fitosteroli nyingi hurudishwa nje na ni chache sana zinazopita. Mshipani hakuna geti. Mwaka 1993 watafiti wa Uingereza waliripoti watoto wa lishe ya mshipani waliokuwa na fitosteroli nyingi kwenye damu na nyongo iliyokwama kwenye ini.

Kwa watoto wachanga jambo hili lilikuwa la kufa na kupona. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu: kiasi ambacho mtu mzima atakivumilia miaka kadhaa kinaweza kuliua ini la mtoto katika miezi. Mwaka 2004, katika hospitali ya watoto ya Boston, mpasuaji Mark Puder na mfamasia Kathleen Gura walimbadilishia mtoto mmoja mafuta, wakaacha soya na kutumia emalshani ya mafuta ya samaki iitwayo Omegaven, iliyobidi iagizwe Ulaya kwa kibali maalumu. Nyongo ikaanza kutembea. Mwaka 2006 walichapisha habari za watoto wawili, na mlango ukafunguka. Idhini kamili ya Marekani ilikuja mwaka 2018, miaka 14 baada ya mtoto wa kwanza.

Hapa wataalamu wakaanza kubishana, na ubishi wao una mantiki. Wale watoto walipewa mafuta ya samaki gramu 1 tu kwa kilo, wakati soya ilikuwa ikitolewa mara mbili au tatu ya hapo. Sasa kilichowaponya ni samaki, au ni kupunguziwa? Wengine walipunguza soya tu na kuona nafuu kwa baadhi ya watoto. Lakini ukipunguza mno kwa mtoto anayekua, unamnyima nguvu na ubongo wake unahitaji mafuta. Ndiyo yale yale ya magamba ya ngozi, kwa sura nyingine.

Siku hizi mingi ya mifuko ni mchanganyiko. Mmoja unaotumika sana una soya asilimia 30, mafuta ya mnyororo wa kati, ambayo hupatikana kwenye nazi na mbegu za mawese, asilimia 30, zeituni asilimia 25 na samaki asilimia 15. Marekani iliukubali mwaka 2016, Ulaya ikiwa imeutumia kwa miaka kadhaa. Nikiutazama naona zeituni ya Courten imerudi, safari hii bila kuua. Miongozo ya Ulaya inasema soya isizidi gramu 1 kwa kilo kwa mtu mzima wa nyumbani, na ini lipimwe kila mara maishani mwake.

Nani alijua

Lishe ya namna hii inadai umeme usiokatika, friji, kiwanda cha dawa chenye chumba safi, na bima yenye pumzi ndefu. Ni tiba ya nchi zenye pesa. Lakini somo lake la muda tumelisoma pia Afrika Mashariki, kwa dawa nyingine. Stavudini ilikuwemo katika dawa za kwanza za kupunguza makali ya UKIMWI zilizowafikia watu wetu wengi, na iliwainua kitandani. Miaka ilivyokwenda, mashavu yakabonyea, miguu ikawaka moto. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iachwe taratibu. Iliokoa, na iliumiza, kwa watu wale wale.

Hakuna maabara ambayo ingeweza kumfundisha Wretlind kuhusu mwaka wa sita. Mbwa wake walimpa wiki. Hospitali zilitoa miezi. Miaka ilitolewa na watu waliokuwa wakilala na pampu pembeni ya kitanda, wakienda kupima damu kila baada ya miezi kadhaa, majibu yao yakiandikwa kwenye mafaili ambayo siku moja mtu aliyapanga na kuyajumlisha. Ile gramu 1 kwa kilo, inayoonekana kwenye mwongozo kama namba ya kawaida, imetoka kwenye maini yao.

Kwa hiyo nikiulizwa leo kama mafuta ya mshipani ni salama, nitamalizia sentensi. Ni salama kwa saa za upasuaji. Kwa wiki za wodini, ni salama kuliko kutokuwa nayo. Kwa miaka ya nyumbani ni salama kiasi kilichopimwa, aina iliyochaguliwa, na ini linaloangaliwa. Na kwa mwaka wa 30 au wa 40, wapo watu hivi sasa wanaoufungua mfuko wa usiku na kuutazama kwenye mwanga wa taa kabla ya kuunganisha mrija. Jibu la miaka hiyo wanaliandika wao.